Miongozo Miwili: Uhakiki wa Maandalizi ya Mtihani wa Fasihi katika Kidato cha Nne

Utangulizi

Neno "mwongozo" lina matumizi mawili katika shule za upili za Kenya. Kwanza, ni kijitabu anachokinunua mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne ili kimsaidie kuielewa riwaya, tamthilia au mkusanyiko wa hadithi fupi ulioteuliwa kutahiniwa. Pili, ni karatasi anayopewa mtahini ili aifuate katika kutoa alama, yaani mwongozo wa kusahihishia. Vitu hivi viwili hutumiwa na watu tofauti, katika vyumba tofauti na kwa wakati tofauti. Kwa hiyo huchukuliwa kuwa vimekutana katika jina tu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba vimekutana katika mengi zaidi ya jina. Mwongozo wa mwanafunzi umeumbwa kwa sura ya mwongozo wa mtahini. Aina ya usomaji unaofunzwa katika mwaka wa mwisho wa shule ya upili ni usomaji wa mtu anayejiandaa kusomwa, wala si wa mtu anayesoma. Lawama za hali hiyo zimezoea kutupwa juu ya mwanafunzi, kwamba ni mvivu, na juu ya mwandishi wa mwongozo, kwamba ni mchuuzi. Itaonekana kwamba lawama hizo zimekosa shabaha.

Jambo lenyewe si dogo. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa kuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Mtihani wa kwanza wa KCSE ulifanywa mwaka 1989, na katika mwaka 2023 watahiniwa wake walikaribia 900,000. Hapana tukio jingine nchini linalowakalisha vijana wengi kiasi hicho mbele ya riwaya moja ya Kiswahili kwa wakati mmoja. Kwa wengi wao, riwaya ile ya kidato cha nne ndiyo ya mwisho watakayoisoma katika lugha hii. Namna wanavyofunzwa kuisoma, basi, ndiyo namna taifa linavyofunzwa kusoma.

Umbo la mtihani

Karatasi ya tatu ya Kiswahili ndiyo ya fasihi. Ina alama 80 kati ya 200 za somo zima, na mtahiniwa hupewa saa mbili na nusu. Hujibu maswali manne yenye alama 20 kila moja, la kwanza likiwa la lazima, kutoka katika sehemu za riwaya, tamthilia, hadithi fupi, ushairi na fasihi simulizi.

Katika sehemu za vitabu vilivyoteuliwa, swali lililotia mizizi zaidi ni lile la dondoo. Mtahiniwa hupewa maneno machache ya mhusika fulani, kisha huulizwa mambo kwa utaratibu usiobadilika sana. Huanza na kueleza muktadha wa dondoo kwa alama nne, hufuata na kutambua tamathali au mbinu iliyotumika, na baada ya hapo huja sifa za msemaji au jinsi suala fulani linavyojitokeza katika kitabu kizima. Alama nne za muktadha zimegawanywa vizuri: moja ya msemaji, moja ya msemewa, moja ya mahali, moja ya sababu. Mwanafunzi wa kidato cha nne asiyeujua mgawanyo huo ni nadra. Madaftari ya marudio, hasa yanapofika majira ya mitihani ya majaribio, ile iitwayo moki, huwa yamepigwa mistari na kugawanywa katika safu nne zenye vichwa hivyo, na safu hizo hujazwa dondoo baada ya dondoo, sura baada ya sura.

Yafaa kusema wazi kwamba utaratibu huu haukubuniwa na watu wasioipenda fasihi. Mtihani wa taifa husahihishwa na walimu wengi ambao hawana budi kutoa alama sawa kwa majibu yanayolingana. Mtoto wa Lodwar na mtoto wa Likoni wanastahili mizani moja. Ili mizani iwe moja, jibu hupaswa kuweza kukatwa vipande vinavyohesabika, na msemaji, msemewa, mahali na sababu ni vipande vinavyohesabika. Haki ya mtahiniwa imelindwa kwa njia hiyo. Swali ni kama kitabu kimelindwa pia.

Umbo la kijitabu

Mtu akivifungua vijitabu vitatu au vinne vya miongozo vilivyoandikwa na watu tofauti juu ya riwaya moja, ataona jinsi vinavyofanana. Kuna maelezo mafupi juu ya mwandishi, kisha muhtasari wa kila sura. Baada ya muhtasari huja maudhui, yaliyoorodheshwa kwa majina: ufisadi, uongozi mbaya, elimu, ndoa, nafasi ya mwanamke, migogoro. Baada ya maudhui huja wahusika, kila mmoja na sifa zake, na kila sifa na thibitisho lake. Baada ya wahusika huja mbinu za lugha na za sanaa, kila mbinu na mfano wake. Mwisho ni maswali ya dondoo na majibu.

Upo ukoo wa kiuhakiki nyuma ya mpangilio huu, na ni ukoo wa heshima. Katika miaka ya 1970 wahakiki wa Kiswahili, hususa wale wa Dar es Salaam, waliizoeza Afrika Mashariki kuijadili fasihi kwa istilahi za fani na maudhui. Shabaha ilikuwa kupinga mazoea ya kuipima kazi kwa uzuri wa lugha tu, au kwa ubora wa mafunzo yake tu, na kusisitiza kwamba mambo hayo mawili hutegemeana kiasi cha kutoweza kutenganishwa. Katika mwongozo wa shule istilahi zilezile zimebaki, lakini hoja iliyozizaa imepotea. Maudhui yamekuwa mlango mmoja na fani imekuwa mlango mwingine, na mwanafunzi hupita katika huu, akatoka, ndipo akaingia katika ule.

Chanzo cha mgawanyo huo hakina fumbo. Mtahini hutoa alama za mbinu mahali pamoja na alama za maudhui mahali pengine. Jibu la swali la mbinu hupata alama kwa kuitaja mbinu, na alama nyingine kwa kutoa mfano. Mwongozo wa mwanafunzi umeugeuza utaratibu huo kuwa sura za kitabu. "Mbinu rejeshi", kisha mfano. "Taswira", kisha mfano. "Jasiri", kisha thibitisho. Anayeandika kijitabu hiki hakosi uaminifu. Amefanya kazi yake kwa bidii, na mara nyingi amemfaa mwalimu aliye mbali na maktaba, au darasa ambamo nakala moja ya riwaya husomwa na wanafunzi watatu. Lakini alichokiandika ni mwongozo wa kusahihishia uliotangulia mtihani.

Kinachopotea

Hasara ya usomaji huu haionekani kwa kuisema kwa jumla. Ni lazima itazamwe katika vitabu vyenyewe, na vitatu vyaweza kutosha.

Riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea, ilichapishwa mwaka 2012 na kutahiniwa kuanzia mwaka 2013 hadi mwaka 2017. Miongoni mwa mambo yaliyomo ni wizi wa mswada. Kijana Amani ameandika riwaya, na mwalimu Majisifu, ndugu yake Mtemi Nasaba Bora, ameichukua na kuitoa kwa jina lake mwenyewe. Mswada ulioibwa unaitwa Kidagaa Kimemwozea. Yaani kitabu alichokishika mwanafunzi mkononi kina jina lilelile la kitabu kilichoibwa ndani yake.

Mwongozo huliandika jambo hili katika orodha ya sifa: Majisifu ni mwizi, ni mlevi, ni mwenye majuto. Hakuna kosa katika orodha hiyo. Lakini msomaji wa riwaya hampokei Majisifu kama mwizi, wala hampokei Amani kama mwandishi. Amani huingia Sokomoko kama mgeni atafutaye kazi, akapewa kazi ya kuchunga ng'ombe wa Mtemi, na msomaji humzoea katika udogo wa cheo hicho. Majisifu naye hujulikana kwanza kama msomi, mtu wa vitabu. Ukweli unapodhihirika, msomaji hugundua kwamba yeye mwenyewe amewapima watu hawa kwa mizani ya Sokomoko, kwamba mchungaji ni mchungaji na msomi ni msomi. Ugunduzi huo ndio riwaya. Anayeanza na orodha ya sifa hufikishwa mwisho wa safari bila ya kusafiri, na lile kosa ambalo mwandishi alikusudia alitende, kisha alijutie, hapati nafasi ya kulitenda.

Wahakiki wa Kirusi wa miaka ya 1920, wale walioshughulikia umbo la kazi za fasihi, walitofautisha baina ya matukio jinsi yalivyotokea na matukio jinsi yanavyosimuliwa. Tofauti hiyo yaonekana kuwa ya kitaalamu mno kwa kidato cha nne. Kwa kweli, bibi yeyote anayetamba ngano aijua: akianza kwa kusema kwamba sungura ndiye aliyeiba, hadithi haipo.

Kitabu cha pili ni Chozi la Heri cha Assumpta Matei, kilichochapishwa mwaka 2014 na kutahiniwa kuanzia mwaka 2018. Riwaya hii inaanza katika magofu. Ridhaa, daktari, amesimama palipokuwa na nyumba yake. Jamaa zake wameteketezwa humo wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, na mkono wa jirani yake umo katika jambo hilo. Mwandishi haanzi na uchaguzi, wala na ujirani uliokuwapo, wala na moto. Anaanza baada ya yote, kisha anarudi nyuma kwa vipande, jinsi kumbukumbu ya mfiwa inavyorudi: jambo la jana, jambo la utotoni, neno la marehemu, kisha majivu tena.

Mtahiniwa aliyejiandaa vyema huandika "mbinu rejeshi" na kupata alama yake. Ameitaja sawasawa. Ambacho hakuulizwa ni kwa nini simulizi hii isingeweza kusimuliwa moja kwa moja. Angeulizwa, huenda angesema kwamba mtu aliyepatwa na msiba huo hana tena "moja kwa moja", kwamba wakati wenyewe umevunjika pamoja na nyumba, na kwamba msomaji anapoviokota vipande na kuviunga, anafanya pamoja na Ridhaa kazi ya kuomboleza. Wengi wa vijana waliokalia mtihani huu katika mwaka 2018 walikuwa watoto wa miaka sita au saba ghasia zilipotokea mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa mwaka 2008. Baadhi yao walikuwa na magofu yao wenyewe. Riwaya iliwapa umbo la kuyafikiria, na mtihani ukawapa istilahi.

Kitabu cha tatu ni tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, iliyotolewa mwaka 2015 na kutahiniwa katika miaka hiyohiyo. Sudi ni mchongaji katika soko la Chapakazi. Utawala wa Majoka unataka achonge vinyago vya mashujaa kwa ajili ya sherehe za uhuru, na Kenga, mshauri wa Majoka, anakuja karakanani na keki ya sherehe. Wenzake Sudi wanaila. Sudi haili. Mwongozo huorodhesha: "mwenye msimamo, anakataa kuchonga kinyago cha Majoka", na "jasiri, anamkabili Kenga". Kweli tupu. Lakini tamthilia haikuandikwa iwe sentensi. Jukwaani kuna mtu ambaye mikono yake inachonga kinyago cha shujaa mwingine, mwanamke, wakati maneno ya kumshawishi yanamwagwa juu yake. Jibu lake kubwa kwa Kenga limo mikononi, halimo katika maneno. Na dondoo, kwa kuwa ni dondoo, huchukua maneno tu. Kimya hakidondoleki. Mtahini hawezi kukichapa kimya cha Sudi juu ya karatasi na kuuliza msemaji ni nani.

Kutokana na mifano hii mitatu yaweza kusemwa kwamba kinachopotea ni cha aina moja. Mwongozo huhifadhi yale yaliyosemwa na yale yaliyotukia. Hupoteza mpangilio, ucheleweshaji, kimya na sauti, yaani mambo yanayotokea baina ya kitabu na msomaji wake kwa muda. Mambo hayo si pambo la fasihi. Ndiyo yanayotofautisha riwaya na taarifa ya polisi kuhusu matukio yaleyale.

Kukariri na kukariri

Huenda mtu akasema kwamba tatizo ni kukariri, na kwamba dawa ni kuwaachisha wanafunzi tabia hiyo. Hoja hii husikika mara kwa mara, nayo haikufikiriwa vyema. Fasihi ya Kiswahili ililelewa na kukariri. Katika vyuo vya pwani mtoto alianza kwa kuhifadhi, na kufahamu kukafuata. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ulidumu katika majumba ya Waswahili si kwa nakala za maandishi peke yake bali kwa vifua vya wanawake walioujua kwa moyo. Wapo waliouhifadhi utotoni na kuufahamu walipokwisha kuolewa wao wenyewe. Maneno yalitangulia, yakangoja maisha yayafikie.

Lakini itazamwe ni nini kilichohifadhiwa. Kilikuwa ni utendi wenyewe, kwa mizani yake, kwa vina vyake, kwa mpangilio wake. Sherehe ya mwalimu ilikuja kuutumikia, na baada ya kuutumikia ilisahauliwa. Katika kidato cha nne mambo yamepinduka: matini ndiyo inayosahauliwa, na sherehe ndiyo inayohifadhiwa. Mwanafunzi aliyehifadhi ukurasa mzima wa riwaya amebaki na kitu ambacho miaka ishirini baadaye chaweza kumfungukia. Aliyehifadhi kwamba mhusika fulani ni "mwenye tamaa, mkatili na mnafiki" amebaki na nini? Maneno hayo hayana cha kumfungulia. Yalikwisha kazi yake siku ile ya Novemba alipoikabidhi karatasi.

Tatizo, basi, ni kwamba kinachokaririwa si fasihi. Na tatizo hilo si la Kenya peke yake. I. A. Richards, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1929, alieleza jinsi alivyowapa wanafunzi wake wa Cambridge mashairi yasiyotajwa watungaji, wakaandika maoni yao. Wengi wao, ingawa walikuwa na elimu ndefu, waliandika yale yaliyokuwamo vichwani mwao kabla ya shairi kusomwa. Tofauti ni kwamba wale wa Cambridge waliaibika matokeo yalipotangazwa. Wa kidato cha nne hupewa alama kwa jambo hilohilo.

Mwandishi naye ajiandaa

Iko athari nyingine inayohitaji kuchunguzwa bila haraka, kwa sababu ni rahisi kuitia chumvi. Kitabu kikiteuliwa, mauzo yake hayalinganishwi na ya kitabu kisichoteuliwa. Mwandishi na mchapishaji hujua hivyo. Je, mwongozo wa kusahihishia umeanza kuingia katika utunzi?

Mfano unaotajwa sana ni majina ya majazi. Vitabu vilivyotahiniwa vimejaa majina hayo: Nasaba Bora, Majisifu, Majoka, Ridhaa. Jina la majazi huleta alama kwa urahisi. Mwanafunzi hulitaja, huliunga na tabia ya mhusika, akaendelea. Hata hivyo haitakuwa haki kudai kwamba mbinu hii ilizaliwa na mtihani. Shaaban Robert aliitumia katika Kusadikika mwaka 1951 na katika Adili na Nduguze mwaka uliofuata, wala hakuwa akimwandikia mtahini. Mbinu ina mizizi katika ngano na katika desturi ya watu ya kupeana majina.

Kipimo kiwe ni kazi inayofanywa na jina hilo. Majisifu ni jina lililopata kazi nzuri, kwa maana mtu huyo anajisifia kitu ambacho si chake, na jina linaugusa wizi bila ya kuutaja. Ridhaa ni jina lililopata kazi nzuri zaidi. Mtu anayeitwa hivyo amewekwa mbele ya jambo ambalo hapana awezaye kuliridhia, na riwaya nzima inasimama juu ya ubishi kati ya jina na msiba. Lakini mhakiki akikutana na kitabu ambamo kila mwema ana jina la wema na kila mwovu ana jina la uovu, ambamo methali zimepangwa kila ukurasa kama shanga, na ambamo suala la afya, la elimu, la mazingira na la jinsia kila moja limepewa sura yake, ana haki ya kushuku kwamba mwandishi amekwisha kuusoma mwongozo wa kitabu chake kabla ya kukiandika. Kitabu kama hicho hakimpotezei mwanafunzi kitu akisoma mwongozo wake peke yake. Hilo ndilo jambo la kuogofya: mwongozo utakuwa umeshinda kabisa siku ambayo vitabu havitakuwa na kitu chochote nje yake.

Swali lisilo na mwongozo

Dawa, hata hivyo, haiko mbali, nayo imo katika karatasi ileile ya tatu. Katika sehemu ya ushairi mtahiniwa hupewa shairi ambalo hakulisoma darasani. Hapana kijitabu kinachoweza kumtangulia. Kweli, hata hapa fomula zimeingia. Wanafunzi huhesabu mishororo, vina na mizani, na huorodhesha inkisari, mazda na kuboronga sarufi kuwa uhuru wa mshairi, bila ya kuuliza mshairi aliutumia uhuru huo kwa faida gani. Lakini miongoni mwa maswali ya ushairi limo moja ambalo linastahili kusifiwa kuliko linavyosifiwa, nalo ni lile la kumtaka mtahiniwa auandike ubeti fulani kwa lugha ya nathari, au tutumbi kama wasemavyo walimu.

Swali hilo ni dogo, huchukua alama chache, lakini halijibiki bila ya kusoma. Mtahiniwa hana budi kupita neno kwa neno, kuamua "hilo" linarudi kwa nani, kulifumbua fumbo, kuirejesha sentensi iliyopinduliwa kwa ajili ya kina. Na akishamaliza, huona kwa macho yake kile ambacho nathari yake imeshindwa kukibeba, na hapo ndipo anapoonja, pengine bila ya kujua, maana ya fani. Mtahini naye aweza kulisahihisha kwa haki. Madai, basi, kwamba usomaji wa kweli hauwezi kutahiniwa kwa watu wengi yamekanushwa na mtihani wenyewe.

Linaloweza kufanywa kwa ubeti laweza kufanywa kwa riwaya. Mtahiniwa apewe aya ya usimulizi badala ya usemi wa mhusika, aulizwe msimulizi anajua nini ambacho bado hajamwambia msomaji. Apewe tukio, aulizwe lingebadilika vipi kama lingesimuliwa sura tatu kabla. Apewe maelekezo ya jukwaani ya tamthilia, aulizwe mhusika asiyesema anafanya nini wakati huo, na kitendo hicho kinajibu neno gani. Aruhusiwe, katika swali moja kati ya manne, kuwa na kitabu mkononi, ili ionekane nani anajua kukitumia. Maswali haya hayahitaji nadharia za kigeni wala walimu wapya. Yanahitaji mwongozo wa kusahihishia unaokubali kwamba majibu mawili tofauti yaweza kuwa sahihi yote mawili iwapo kila moja limetegemezwa kwa matini. Mwongozo huo ukibadilika, vijitabu vitabadilika pia, maana vijitabu hufuata alama jinsi inzi wafuatavyo asali. Hapana haja ya kuvipiga marufuku.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba miongozo miwili ni mmoja, na kwamba wa mwanafunzi ni kivuli cha wa mtahini. Anayetaka kivuli kinyooke asikikemee kivuli.

Wakati wa kulifikiria jambo hili umefika wenyewe. Mfumo wa 8-4-4 unaelekea ukingoni. Wanafunzi wa kwanza wa mtalaa wa umilisi waliingia gredi ya kumi Januari 2026, na watahiniwa wa mwisho wa KCSE ya mfumo wa zamani wamepangiwa mwaka 2027. Baada ya Chozi la Heri na Kigogo zilikuja Nguu za Jadi ya Clara Momanyi na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, zilizoanza kutahiniwa mwaka 2023. Vitabu hubadilika kila baada ya miaka michache, na kila mara husemwa kwamba mambo yatakuwa mapya. Yakibadilika majina ya vitabu na swali likabaki lilelile, vijana wa gredi ya kumi na mbili watayachora madaftari yao kwa safu zilezile nne: msemaji, msemewa, mahali, sababu.

Safu ya tano ndiyo inayokosekana, nayo ni ya msomaji. Walimu wanaotunga maswali wana uwezo wa kuichora, nao waichore kabla ya karatasi za kwanza za mtalaa mpya kupigwa chapa.